Tangi la mafuta chini ya nyasi: tumwite nani aje alitoe?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba huku New Jersey, imejengwa 1954. Joto tunapata kwa gesi. Juzi jirani akatuuliza kama tumeshatoa "lile tangi". Kumbe yale mabomba mawili yaliyochomoza nyuma ya nyumba, ambayo sisi tulidhani ni ya maji, ni ya tangi la mafuta. Tulimwita mtu mwenye kifaa cha kupimia ardhi, akasema chini ya nyasi kuna tangi la chuma la galoni kama 550. Tumepata makadirio matatu: dola 1,200 taslimu bila kibali, kwa sababu "ni kazi ndogo", dola 2,300, na dola 3,100. Shemeji yangu ana pikapu na grainda, anasema Jumamosi moja tu atalikata bure. Wengine wanasema tulijaze mchanga tulisahau. Tumchukue nani? Na likiwa limevuja, ndiyo tumekwisha?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na shemeji, maana Jumamosi yaweza kufika kabla hujamaliza kusoma. Mwambie aiweke grainda chini.

Najua atakachokujibu. Atasema mafuta haya ni kama dizeli, na dizeli haishiki moto ovyo kama petroli. Hapo kasema nusu ya ukweli. Mafuta ya kupashia nyumba joto, yale ya namba mbili, ni ndugu wa dizeli kweli. Ule wekundu wake ni rangi ya mambo ya kodi, ili yasije yakatiwa kwenye gari la barabarani. Na mvuke wake hauwaki mpaka mafuta yafike nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Lakini pale diski ya grainda inapouma chuma, joto linapita hapo mara nyingi, na kwa ndani ukuta wa tangi umepakwa utando wa mafuta na mashapo ya miaka sabini. Utando huo unageuka mvuke papo hapo, na cheche zipo tayari. Ndiyo maana sisi wa kazi hii tunaliogopa tangi lililobaki na mafuta kidogo kuliko lililojaa. Tena hakuna anayejua waliotangulia walimimina nini humo. Mimi nimewahi kukuta harufu ya petroli kwenye tangi lililoapiwa kuwa halikutiwa kitu kingine.

Na asifikirie kuingia ndani. Kutu inapokula chuma inakula na oksijeni. Tangi lililofungwa miaka mingi linaweza kuwa na hewa isiyotosha pumzi chache. Huko kwetu tumezika watu walioteremka kisimani au kwenye shimo la choo mmoja baada ya mwingine, wa pili akimfuata wa kwanza kumwokoa. Hili nalo ni shimo la aina hiyo, limevaa chuma tu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kwetu ukisema tangi la nyumbani, mtu anawaza lile la maji jeusi juu ya mnara. Huku New Jersey historia ni nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu waliacha makaa ya mawe wakahamia mafuta, vitongoji vikajengwa kwa kasi, na matangi ya chuma kitupu, ukuta mmoja, yakafukiwa uani ili yasichukue nafasi ndani. Kisha gesi ikaja. Watu wakakata bomba dogo la shaba lililokuwa likipeleka mafuta kwenye boila, wakaziba tundu la ukutani kwa saruji, wakaendelea na maisha. Tangi likaachwa pale pale. Nenda besimenti utazame ukuta wa upande ule: naamini utaona kiraka cha saruji au ncha mbili za shaba zilizobanwa.

Kabla ya kulipa mtu yeyote senti moja, andika barua kwa karani wa mji wako. Sheria ya kumbukumbu za umma ya jimbo inakupa haki ya kuomba nakala za vibali vyote vilivyowahi kutolewa kwa anwani yako, na kwa kawaida wanapaswa kukujibu ndani ya siku 7 za kazi. Huenda tangi lilishafungwa kihalali miaka ya nyuma kwa kujazwa mchanga au povu. Huenda kulikuwa na tangi la kwanza, likatolewa, na hili ni la pili. Nimeona nyumba zenye mawili. Afadhali ujue hayo kwa gharama ya stempu kuliko ujulishwe na eskaveta.

Kuhusu kujaza mchanga na kusahau. Sheria ya serikali kuu ya matangi ya chini ya ardhi inayaacha nje matangi ya mafuta yanayopasha joto jengo lile lile yalipo, na jimbo la New Jersey nalo halikulazimishi kung'oa tangi la nyumbani lisilovuja. Kulifunga hapo hapo kunaruhusiwa, kwa kibali, likishasafishwa na kujazwa sawasawa. Nisingekushauri, labda kama tangi liko chini ya msingi wa nyumba au chini ya veranda ya zege na kulitoa ni kubomoa. Sababu ni hii: siku mtakayouza nyumba, mnunuzi, benki yake na kampuni yake ya bima watauliza udongo wa chini ya tangi ukoje, na nyie hamtakuwa na jibu. Mtaambiwa mlitoe. Mtakuwa mmelipa mara mbili, na mara ya pili mnatoa tangi lililojaa mchanga.

Hapa ndipo kiini cha ushauri wangu kilipo, na ndicho kitakachokuchagulia mtu. Kuchimba shimo na kuinua chuma ni kazi ya siku moja, na wanaoiweza ni wengi. Wewe unanunua ushahidi. Miaka kumi ijayo mtu asiyekujua atakaa ofisini afungue faili, na faili hilo lazima limwambie peke yake kwamba tangi lilitolewa, nani alitoa, udongo ulipimwa, na mji uliridhika. Zamani kidogo nilipelekwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishatoa tangi kupitia fundi wa bei rahisi, bila kibali. Mwanamume mwaminifu, hakudanganya mtu. Lakini hakuwa na karatasi hata moja, na mnunuzi akagoma. Tukaenda kuchimba upya shimo lisilokuwa na kitu, tuchukue udongo wa chini tuupeleke maabara. Udongo ulikuwa safi kabisa. Alilipa pesa nyingi kuthibitisha kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo wa dola 1,200 umeshamalizana naye. Kwa kazi hii huku kibali cha ofisi ya ujenzi ya mji ni lazima, na mtu anayekwambia hakihitajiki ama hajui kazi yake ama anajua sana. Wale wa matangazo ya "tunatoa tangi bure" nao uwape mgongo. Atakayekuchimbia bure anategemea kupata pesa kwenye udongo.

Hao wawili waliobaki usiwalinganishe kwa jumla ya chini ya ukurasa. Kaa nao mezani, mstari kwa mstari. Mara nyingi tofauti ya dola mia nane haitokani na uroho wa mtu. Ni vitu ambavyo mmoja ameviandika na mwenzake amevinyamazia. Ada ya kibali iko ndani? Mafuta na maji yatakayokutwa yatafyonzwa kwa bei gani, na hadi galoni ngapi? Mashapo je? Kifusi safi cha kujazia shimo nani analeta? Sampuli za udongo na gharama ya maabara zimo? Tangi la galoni 550 lina upana wa futi kama 4 na urefu wa futi 6, kwa hiyo likitoka linaacha shimo la kumeza gari dogo nusu, na ukiambiwa siku ile ile kwamba kifusi ni cha kwako, bei rahisi itakuwa imeota mbawa.

Muulize kila mmoja cheti chake. Idara ya Mazingira ya New Jersey inatoa vyeti kwa kampuni zinazofunga na kutoa matangi haya, na orodha iko wazi kwenye tovuti ya idara. Usitosheke na nembo iliyochorwa ubavuni mwa lori. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha uone cheti hakijaisha muda, kisha uulize ni nani mwenye cheti binafsi atakayekuwepo kwako siku hiyo, maana kampuni nyingine zina mwenye cheti mmoja na timu nne. Bima zake ziwe tatu: ya madhara kwa mali na watu, ya wafanyakazi wake wakiumia, na ya uchafuzi. Hii ya tatu ndiyo wengi hawana. Bima ya kawaida ya mkandarasi inaweza kukataa kulipa siku bomba lao la kufyonza litakapopasuka na mafuta yakamwagikia kwa jirani. Omba hati itumwe kwako na wakala wa bima mwenyewe. Hati iliyopigwa picha kwa simu ya mkandarasi si hati.

Halafu kuna jambo ambalo wenzangu wa kazi hii hawatanipenda kwa kulisema. Mtu anayelipwa kwa kila tani ya udongo mchafu asiwe yeye peke yake wa kukwambia udongo ni mchafu. Siku ya kazi, tangi likiwa hewani na shimo wazi, mwenye nyumba amechanganyikiwa, ni rahisi sana msimamizi kunusa, kutikisa kichwa, na kusema "hapa tuendelee kuchimba, mama." Ukiitikia, malori yanapanga foleni. Mwingi wa udongo huo huenda ni mchafu kweli, siwatuhumu wote. Lakini sahihi yako isitolewe ukiwa umesimama kwenye ukingo wa shimo. Weka kwenye mkataba sentensi hii au inayofanana nayo: dalili ya kuvuja ikionekana, kazi inasimama, shimo linafunikwa na kuzungushiwa uzio, sampuli zinapelekwa kwenye maabara yenye idhini ya jimbo, na uchimbaji wa ziada hauanzi bila makubaliano mapya ya maandishi. Na bei ya tani iandikwe sasa hivi, kabla hamjahitajiana. Kampuni itakayokataa sentensi hiyo imeshakujibu swali lako.

Siku yenyewe ikoje? Kwanza mkandarasi atakuwa amepiga 811, namba ya simu ya kuomba nyaya na mabomba ya chini ya ardhi yaonyeshwe, angalau siku 3 kamili za kazi kabla, na si zaidi ya 10, ili kampuni za huduma zije kupaka rangi ardhini: nyekundu ya umeme, njano ya gesi, buluu ya maji, kijani ya maji taka, rangi ya chungwa ya simu na intaneti. Ukiamka siku ya kazi uani hakuna rangi hata moja, wazuie. Ila 811 hawagusi mambo yako ya ndani, kama waya wa umeme wa kwenda gereji au bomba la kumwagilia nyasi. Hayo uwaonyeshe wewe.

Kisha wanafukua mgongo wa tangi, wanapima mvuke na oksijeni, wanafungua tundu kwa zana na utaratibu usiozaa cheche za hatari, lori la kufyonza linanyonya mafuta na maji, na ndani panasafishwa na kupanguswa mpaka pakauke. Kabla ya kusafisha halitoki. Ukiona wanainua tangi huku linadondosha, hao siyo. Likishatoka linakwanguliwa udongo na kugeuzwa pande zote, mkaguzi wa mji akiwepo, watazame matundu. Usitishike na kutu, kila tangi la umri huo lina kutu. Tundu ndilo jambo, na mara nyingi liko tumboni, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta, yanatuama chini na kula chuma kutoka ndani.

Hata tangi likionekana zima na mkaguzi akaridhika kwa macho, chukueni sampuli za udongo kutoka chini ya shimo. Pengine mji hautazidai. Benki ya mnunuzi wako itazidai. Ni gharama ndogo kwa siku ambayo shimo liko wazi tayari.

Sasa lile linalokunyima usingizi. Likiwa limevuja, hamjakwisha, lakini mambo yanabadilika saa hiyo hiyo. Taarifa lazima ipigwe mara moja kwenye simu ya dharura ya Idara ya Mazingira, nanyi mtapewa namba ya tukio. Usimruhusu mtu akushawishi kunyamaza. Sheria ya jimbo ya mwaka 1976 kuhusu umwagikaji haihitaji kuthibitisha kwamba ulikosea, na mnunuzi aliyenunua bila kuchunguza habari za tangi hana pa kujificha kirahisi. Baada ya hapo kazi inasimamiwa na mtaalamu wa tathmini ya udongo mwenye cheti, naye si lazima awe wa kampuni iliyochimba. Mimi ningemtafuta wa pembeni. Anapima uchafu umefika wapi na kina gani, mnaondoa unaostahili kuondolewa, na mwishoni idara inatoa barua ya kusema hakuna hatua zaidi inayohitajika. Barua hiyo iwekeni pamoja na hati ya nyumba.

Gharama hapo inategemea ardhi kuliko tangi. Ukiwa kusini mwa jimbo au karibu na pwani, udongo ni mchanga na maji ya ardhini yako juu. Mafuta yanashuka upesi, yakifika kwenye maji yanaelea na kusafiri nayo. Udongo wa mfinyanzi unayashika karibu. Uvujaji mdogo unaweza kuishia kwenye lori moja mbili za udongo. Ukifika kwenye maji au chini ya msingi wa jirani, unazungumzia makumi ya maelfu ya dola, na wapo waliopita hapo. Kwa sababu hiyo, siku ile ile mkipata namba ya tukio, iandikieni kampuni yenu ya bima, kwa maandishi. Bima nyingi zinakataa uchafu wa udongo wako mwenyewe, ila zinaweza kuhusika uchafu ukigusa maji ya ardhini au ardhi ya mtu mwingine. Wapeni nafasi ya kuja kuona kabla shimo halijabadilika sura. Na muone mwanasheria wa mambo ya nyumba atazame fomu ambayo muuzaji alijaza: kama aliulizwa kuhusu tangi na akajibu hapana huku mabomba yanachungulia ukutani, hiyo ni kesi ya kuongea.

Malipo: theluthi mwanzoni inatosha kwa kazi ya ukubwa huu. Salio lisiende pamoja na lori. Lisubiri mkononi mwako mpaka upate kibali ambacho mji umekifunga, yaani umeandika kwamba kazi imekamilika, majibu ya maabara, risiti ya mahali mafuta na mashapo yalipopelekwa, na risiti ya skrepa inayoonyesha tangi limeuzwa kama chuma chakavu. Kama kuna udongo uliobebwa, dai tiketi za mizani, moja kwa kila lori, ulinganishe na ankara.

Na yale mabomba mawili ya ukutani yatoke siku hiyo hiyo, tundu lizibwe. Wenyewe wataona ni urembo tu. Lakini imeshatokea, tena zaidi ya mara moja, dereva wa mafuta akakosea nyumba, akaona mdomo wa kujazia, akaunganisha mpira wake na kuanza kupampu, na upande wa pili hakuna tangi. Kwa waliokuwa na tangi besimenti, mafuta yalijaa besimenti. Kwenu yangeingia kwenye udongo ambao mmetoka kulipia uonekane safi.

Shemeji naye asinune, kazi yake ipo. Asimame pale tangu asubuhi na simu yenye chaji, apige picha: rangi za 811 ardhini, tangi likiwa bado shimoni, tangi likining'inia pande zote nne, sakafu ya shimo, mahali kila sampuli ilipochukuliwa, namba ya lori. Pikapu aje nayo pia, kuna kichaka cha waridi cha kuhamisha kabla eskaveta haijaingia.